Pale Jérôme Aliponyamaza

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kindu, wa ukingo huu wa mto na wa ng'ambo, wakubwa kwa wadogo, waumini na wasioamini: Fundi Onema, Daktari Mkuu wa Redio, Spika na Vyombo Vyote vya Muziki, anapokea wagonjwa kila siku isipokuwa Jumapili.

Ndivyo kibao kilivyosema zamani. Sasa mvua ilikuwa imefuta "Mkuu", na mbuzi wa jirani alikuwa amekula kona yenye "Jumapili", kwa hiyo daktari akawa anapokea hata Jumapili, ila wagonjwa hawakuwa na habari. Watu wa mtaa wake, Mikelenge, walisikiliza muziki kwenye simu, na simu ikifa waliipeleka kwa vijana wa sokoni. Onema alibaki kibandani akipiga soga na redio zilizokufa. Hazikumkatiza hata mara moja, akaziona zina adabu.

Ndipo Mama Scholastique alipoingia na kitu kilichofungwa kwenye kitenge.

"Shemeji, haisemi tena."

Onema alikitambua hata kabla fundo halijafunguliwa. Ilikuwa mashine ya ngoma: sanduku la kijivu lenye vitufe vya mpira, hiki sauti ya ngoma kubwa, hiki ngoma ndogo, hiki matoazi. Ilikuja kwa treni kabla ya vita, wakati Onema akipiga gita katika orkesta na Jérôme, mume wa Scholastique, akipiga ngoma. Jérôme aliicheka sana. Ngoma gani hii, alisema, isiyomtoa mtu jasho?

Kisha vita vikafika, treni ikakoma, askari wakamnyang'anya Jérôme ngoma zake za kweli. Onema alikimbilia Kailo kwa miguu. Jérôme alibaki. Ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa umeme wa betri ya pikipiki na vyombo vya kusikilizia masikioni ili sauti isitoke nje, aligonga vile vitufe mpaka mashine ikahifadhi mdundo wake mmoja. Baadaye alienda shamba kutafuta mihogo, hakurudi. Onema aliporudi mjini hakukuta orkesta.

"Yeye mwenyewe iko humo," Scholastique alisema. "Picha zote ziliungua na nyumba. Niko na mdundo huu tu. Ukiupoteza, Onema, usipite tena mbele ya mlango wangu."

Ububu wenyewe ulikuwa kazi ndogo. Lehemu nyuma ya tundu la spika ilikuwa imepasuka. Onema alipasha chuma kwenye makaa, akaigusa, ikashika. Hatari ilikuwa kwenye betri ndogo ya ndani, ile inayotunza kumbukumbu. Ilikuwa imeanza kutoa majimaji. Kuing'oa hivi hivi kungekuwa kumfuta Jérôme papo hapo. Basi akaifunga betri mpya kwanza, ubavuni mwa ile ya zamani, kwa nyaya mbili, kisha akaikata ya zamani akiwa amebana pumzi kama mwizi wa mayai chini ya kuku aliyeatamia.

Akawasha. Jérôme akaingia.

Ngoma ndogo ilitangulia kidogo tu, kama kawaida yake, kama mtu aliyesikia chakula kimeiva. Onema alicheka peke yake kwa sauti. Halafu, karibu na mwisho wa mzunguko, mdundo ukakatika. Kimya. Kisha ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Akakagua vitufe. Akafuata kila waya. Mzunguko ukarudi, na kimya kikarudi palepale. Jioni, alipokwisha kufunga mlango, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kwa kidole chake mwenyewe akatia mapigo ya ngoma ndogo ndani ya lile pengo. Sasa mdundo haukukatika popote. Akajiita Daktari Mkuu, neno lenyewe likiwa limeshafutika kwenye kibao.

Kesho yake Scholastique alikuja akaketi juu ya kreti, akafumba macho. Alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Hii njo nini?"

"Hii njo Jérôme, shemeji."

"Na huyu hapa mwishoni?"

"Ah, unajua, kondansateri zikizeeka, umeme unajikusanya, halafu..."

"Onema! Usiniletee kondansateri. Jérôme alikuwa ananyamaza pale. Anatoa vile vitu masikioni, anasikiliza njia, kama viatu vya askari vinakuja. Mimi niko kando yake, nimeshika pumzi. Njia ikiwa tupu, anaendelea. Huyu wako haogopi kitu, na kidole chake ni kizito kama muchi wa kutwangia."

Onema alikitazama kidole chake, kisha akakificha.

Mashine ilikuwa na njia ya kufuta: unashika kitufe maalumu pamoja na kile cha ngoma unayotaka kuitoa, na mapigo yake yanafutika yanapopita. Lakini ukichelewa kuachia, unafuta na ya Jérôme mwenyewe.

"Niambie pa kuanzia na pa kuachia," alimwomba.

Scholastique aliinua mkono. Mdundo ulizunguka. "Sasa," alisema, na Onema akabonyeza. "Acha!"

Wakangoja urudi. Ulirudi, ukafika pale, ukanyamaza. Kibandani wote wawili walibana pumzi. Pikipiki ilipita nje. Jérôme akaendelea.

"Nilidhani ni kasoro," Onema alisema haraka. "Kazi yangu ni kuondoa kasoro."

"Fundi wewe. Ulipima?"

"Nilipima."

"Ukakuta nini?"

Onema aliipangusa mashine kwa kiganja.

"Sikukuta kitu. Nilijua si kasoro, shemeji. Lakini kila akinyamaza, nilikuwa namngoja, na hapa jioni hakuna mtu. Wewe ulikuwa kando yake. Mimi nilikuwa Kailo. Nilichoka kumngoja peke yangu. Nikapiga mimi."