Vakanse ya Mama na Papa Olive

Perpétue alikuwa amesafiri sana maishani mwake, lakini hakuna safari hata moja aliyoipanga mwenyewe. Ya kwanza ilimtoa Rutshuru mwaka 1996, wiki ileile ya harusi yake. Yeye na mume wake Théoneste walikuwa wamekubaliana kwenda Vitshumbi, wakale samaki na kutazama viboko. Badala yake walifika Goma kwa miguu, katikati ya umati wa watu waliokimbia vita, nguo za harusi zimefungwa ndani ya shuka. Miaka michache baadaye volkano ya Nyiragongo ikawapeleka Gisenyi. Kisha, mwishoni mwa 2012, waasi walipoingia mjini, wakakimbilia Sake. Waliporudi mtaani kwao Kyeshero walikuta mlango wa nyumba umevunjwa na kuku wao hawapo.

Jumapili moja ya kiangazi kilichofuata, binti yao Olive, aliyekuwa akisoma na kuishi Mabanga, alikuja kuwasalimia. Akamwonyesha mama yake picha ya zamani kwenye simu: mwanamume na mwanamke, wazungu, wamebeba mabegi makubwa migongoni, wanapanda Nyiragongo.

"Wanakimbia nini?" Perpétue aliuliza.

"Hawakimbie, mama. Beko vakanse, likizo yabo."

"Na mizigo yote ile?"

"Ni vile wanapendaka. Wanapanda mulima, wanapiga pagaye ya mutumbwi ku ziwa, wanachoka, kisha wanarudia kwabo."

Perpétue hakuirudisha simu upesi. Mlima aliujua, na mabegi ameyabeba makubwa kuliko yale. Alichokuwa akitazama ni meno. Wale watu walikuwa wanacheka.

Jioni ile alimfuata Théoneste kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Théoneste alikuwa seremala wa vitanda na milango, na baada ya vita kazi ya milango haikumpa nafasi ya kupumua.

"Papa Olive, tuende vakanse."

"Fasi gani?"

"Fasi ya kupanda mulima. Ya kupiga pagaye. Ya kuchokesha mwili."

Théoneste aliacha kupiga msasa. "Mama Olive, uko mugonjwa? Miye nimetoka Rutshuru mpaka hapa na godoro ku kichwa. Vakanse yangu ni kuikala."

"Ile haikuwa kutembea. Ile walitufukuza."

"Magoti hayajue tofauti."

"Miye najua. Ile ya sasa, njia nitachagua miye. Nikichoka, nitasimama. Nikipenda kurudia, nitarudia, na nitakuta mulango wangu ungali pale."

Théoneste akarudi kwenye msasa wake. Lakini asubuhi Perpétue alimkuta uani akijaribu viatu vyake vya zamani vya mpira, kidole gumba kikichungulia nje.

"Nauliza tu," alisema bila kuinua kichwa. "Tunaanza na mulima gani?"

Ndipo mipango ikaanza, na mipango yenyewe ilikuwa kazi. Perpétue aliuza vitenge sokoni, kwa hiyo kila mteja alikuwa na ushauri wake. Nyiragongo ulikuwa wa kwanza kufutwa. Mlinzi mmoja wa mbuga aliyekuja kumnunulia mkewe kitenge alimwambia, "Mama, mulima uko wetu sisi wote, lakini njia yake sasa iko ya wenye bunduki." Vitshumbi, aliyoingoja tangu alipokuwa bibi harusi, nayo ikafa siku hiyohiyo. Dereva wa njia ya Rutshuru alimtazama kwa huruma, akamuuliza kama ana ugomvi na maisha. Masisi hata hakuna aliyethubutu kuitaja. Ukizunguka Goma yote, upande mmoja tu haukuwa na kizuizi, nao ulikuwa maji.

"Basi muende kwetu Idjwi," alisema Birindwa, mzee aliyeleta mananasi kwenye gati la Kituku kila wiki kutoka kisiwani. "Miko na chumba. Miko na pirogi ya kupigia pagaye. Mulima uko nyuma ya nyumba. Na vita, ile ilikataaga kuvuka maji."

Perpétue alirudi nyumbani akiimba.

Tangu siku hiyo wakaanza mazoezi. Kila jioni walitembea haraka kwenye barabara ya ziwa, mikono ikirushwa mbele na nyuma kama askari wa gwaride, na watu wakiwauliza kama kuna msiba. Théoneste alikuwa ameishi kando ya Ziwa Kivu miaka yote ile bila kujua kuogelea, wala hakuwahi kushika pagaye. Kwa hiyo alikaa kwenye benchi la karakana na kupiga hewa kwa ubao, kulia na kushoto, huku akihema. Masika, jirani yao, alimwona kupitia ua wa mawe meusi, akapiga ishara ya msalaba.

Siku ya kuondoka hawakumwambia mtu isipokuwa Olive. Katika mji ule, kutangaza kwamba nyumba yako itabaki tupu ni kuwaalika wezi. Wakaamka mapema, wakafunga mabegi mawili, blanketi na sufuria ndogo. Na kwa sababu boti ya Idjwi haingoji mtu, wakatoka mbiombio.

Masika alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Akawaona. Mabegi mgongoni, blanketi kichwani, mwendo wa haraka, tena bila salamu. Fagio likamdondoka.

Perpétue hakuona hilo. Alichosikia, walipokuwa wamefika kona ya pili, ni milango ikigongwa nyuma yao, majina yakiitwa, sufuria zikigongana. Akageuka. Barabara nzima ilikuwa inakuja. Magodoro vichwani, mbuzi kwenye kamba, redio kwapani, mama mmoja na tendegu la kitanda. Mbele ya wote, Masika na gunia la unga.

"Wamefika," Perpétue alisema. "Papa Olive, wamefika tena!" Akaanza kukimbia. Vakanse yote ikamtoka kichwani. Kilichobaki ni miguu, na ile miguu ilijua kazi yake.

Théoneste alimshika begi kwa nyuma. "Ngoja." Akamgeukia Masika, aliyekuwa amewafikia akitweta. "Mama Masika, batu banakimbia nini?"

"Unaniuliza miye?" Masika alifoka. "Tunafuata weye!"

"Sisi tunaenda Idjwi. Vakanse."

"Nini?"

"Vakanse," Perpétue alirudia, kwa sauti ndogo sana.

Mbuzi tu ndiye aliyeendelea kusema. Masika alitua gunia, akakaa juu yake, akafunika uso kwa kitenge, na mabega yakaanza kumtikisika. Perpétue alidhani analia, na kwa kweli machozi yalikuwapo. Lakini alipofunua uso alikuwa anacheka kiasi cha kukosa pumzi, na kicheko kikapita mtu hadi mtu, hadi kwa wale wa nyuma kabisa ambao hawakujua kwa nini wanacheka.

"Nimeacha maharagi ku moto!" mama wa tendegu alipiga kelele. "Yataungua sababu ya vakanse yenu!"

"Mutusamehe," Perpétue alisema.

Masika akasimama, akamshika mkono, akausugua mpaka ukapata joto. "Siku ingine, useme. Hapa kwetu mutu haendake na begi bila kusema." Kisha akawageukia wengine. "Sasa tumeshavaa, tumeshatoka. Tuwasindikize!"

Ndivyo walivyoteremka hadi Kituku kama maharusi, na nyimbo, na vigelegele, magodoro yakicheza juu ya vichwa. Nahodha wa boti alipouona umati ule alitaka kufungua kamba akimbie. Birindwa, aliyekuwa akirudi kisiwani na boti ileile, ndiye aliyemzuia.

Idjwi ilikuwa ya kijani hadi juu. Siku ya kwanza walipanda mlima wa nyuma ya nyumba. Perpétue alisimama alipotaka, kila mara, hata pale ambapo hakuwa amechoka. Alisimama tu ili aone kwamba hakuna mtu atakayemwambia aendelee. Wenyeji waliompita na vikapu vya kahawa walimsalimia, naye akawajibu taratibu, kama mtu mwenye wakati.

Siku ya pili ilikuwa ya pirogi. Yeye alikaa ufukweni, miguu inamuuma vizuri, kipande cha nanasi mkononi. Simu ikalia. Alikuwa Olive.

"Mama, muko muzuri? Munarudia lini?"

Perpétue alitazama ziwani. Théoneste alikuwa anazunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu, pagaye inapiga upande mmoja, Birindwa akimpigia kelele kutoka kwenye pirogi ya pili. Mara chombo kikainama, kikapinduka. Kichwa cha Théoneste kikaibuka, naye akasimama. Maji yalimfika kiunoni. Alikuwa anacheka mdomo wazi, meno yote nje.

"Sijue," Perpétue alisema. "Ngoja baba yako atoke ndani ya maji, nimuulize."