Wivu wa Chumba cha Giza

Mwaka ule ambao kila mtu mwenye ukuta na mlango pale Songea alifungua duka, hapakuwa na mtu mjini aliyejua kusafisha picha kumzidi Sixbert. Bahati mbaya, aliyelijua jambo hilo alikuwa Sixbert peke yake.

Alifanya kazi katika studio ya Mzee Urbani, mtaa wa Majengo, ndani ya chumba cha giza kilichokuwa nyuma kabisa. Humo mlikuwa na taa nyekundu, mabeseni ya dawa, kamba ya kuanikia picha, na amani. Aliingia asubuhi kutoka kwao Matogoro, akatoka jioni, na wateja wengine waliamini kwamba picha zao zinasafishwa na mashine.

Mbele, penye mwanga na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, alitawala Dastan, mpiga picha. Huyu Mungu alimpa mdomo kwanza, viungo vingine vikafuata baadaye.

"Shikamoo mama. Aa, samahani, nilidhani wewe ndiye bibi harusi."

Na mama wa watu, aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho tu, akaondoka amepiga tatu, moja akiwa ameshika shavu. Sixbert aliyasikia yote kupitia ukuta wa mbao. Kila kicheko kilichopita pale kilimchoma kama msumari. Jioni alipozisafisha picha hizo na kuona zimepinda upande, akazinyoosha, akazing'arisha, akawafuta watu chunusi. Kesho yake alimsikia mama yule akisema, "Dastan, mwanangu, una mkono wa dhahabu."

Dastan alimwita Sixbert "mateka", kwa sababu baba yake Sixbert alikuwa Mhehe aliyehamia huku zamani, na Wangoni na Wahehe baada ya kuchinjana vya kutosha enzi za mababu waliamua kuwa watani.

"Mateka, umeamkaje? Bado hujatoroka?"

Mtani anayejiheshimu angejibu kwamba Wangoni walikimbizwa mpaka wakasahau viatu. Sixbert alilijua jibu hilo. Alikuwa na mengine bora zaidi. Yalikuwa yakimjia akifika kitandani.

Basi katika wiki ya Jumatano ya Majivu, Mzee Urbani aliwaita wote wawili. Picha za rangi zilikuwa zimeingia mjini. Studio mpya imefunguliwa karibu na soko, na bibi harusi mmoja wa Peramiho alikuwa amekataa picha zake mbele ya mashahidi kwa kuwa maua yake ya waridi yametoka rangi ya majivu.

"Dar es Salaam kuna kozi," alisema mzee. "Rangi, mashine na yote. Nampeleka mtu mmoja. Akirudi, studio hii ataiendesha yeye, mimi nikalime tumbaku yangu Namtumbo. Anayetaka aje aniambie mwenyewe kwa mdomo wake."

Moyo wa Sixbert uliruka. Kozi ile ilikuwa yake. Hata yale mabeseni yalijua. Lakini hayo maneno ya mwisho, "kwa mdomo wake", yalimkalia kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kwanza hakwenda kwa sababu mzee alikuwa anakula, na si adabu kumwomba mtu jambo akiwa na tonge mkononi. Siku iliyofuata mzee alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba husinzia. Kisha mvua ikanyesha. Kisha mzee akawa na wageni. Kisha ikawa Ijumaa, na Ijumaa za Kwaresima mtu hufunga, na Sixbert aliona si vema kufunga huku ukijitakia makuu. Kanisa halijawahi kupata muumini aliyeijali Kwaresima kiasi kile.

Juu ya hayo, rafiki mmoja aliyewahi kwenda kozi ya ufundi wa maji alimwambia kwamba siku ya kwanza kila mwanakozi husimama mbele ya wenzake, akataja jina, atokako, na kitu anachokipenda. Sixbert alitumia jioni nyingi akitafuta kitu anachokipenda ambacho kinaweza kusemwa kwa sauti. Giza halikufaa. Ukimya haukufaa. Mpira hakuupenda, na kudanganya siku ya kwanza aliona ni mwanzo mbaya.

Hatimaye alijipumzisha juu ya methali ya wahenga kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Mzee ana macho. Ataziona picha, atasema, "Jamani, huyu." Hivyo Sixbert akaongeza bidii gizani, akasafisha picha za watu wa Namtumbo mpaka wenyewe wakauliza kama kweli ni wao, akangoja kuonwa.

Pasaka ikapita. Jumatatu moja Dastan akaingia chumba cha giza bila kubisha, akaharibu karatasi nzima kwa mwanga.

"Mateka, ninakwenda. Mzee amekubali. Nimepiga picha ya pasipoti, nisafishie vizuri, watu wa Dar wasije wakanikataa."

"Hongera," alisema Sixbert.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Hongera sana."

Alipobaki peke yake aliitumbukiza karatasi kwenye dawa. Uso wa Dastan ukaanza kutokea polepole, nywele kwanza, kisha meno. Hata ndani ya beseni alikuwa anacheka. Sixbert alijua muda wa kuitoa kama padri anavyojua Baba Yetu. Hakuitoa. Aliutazama ule uso ukikolea, ukawa mweusi, meno yakazama, macho yakazama, mpaka karatasi ikabaki nyeusi kama sufuria ya msibani. Akaona raha ambayo hakuwahi kuiona tangu Kipaimara.

"Imeungua," alimwambia Dastan.

"Kazi ya Mungu hiyo, hata mimi sikuipenda, nilifumba jicho. Tupige nyingine."

Na ya pili, kwa hasira ya Sixbert, ilitoka nzuri zaidi.

Kuagwa kwa Dastan kulifanyika Jumapili baada ya misa, uani kwa mama yake, Mama Beata. Palikuwa na ulanzi kwa wanaokunywa na togwa kwa wanaosema hawanywi. Kila mtu alisimama akasema neno. Mjomba alionya juu ya wanawake wa mjini. Shangazi alionya juu ya chakula cha mjini. Sixbert alikaa karibu na ukuta, akiitazama suruali mpya ya Dastan, begi jipya la Dastan, na jinsi mkono wa Mzee Urbani ulivyotulia begani kwa Dastan kama vile umeota pale. Aliuonea wivu hata huo mkono.

"Na mtani wake yuko wapi?" aliuliza Mama Beata. "Mtu hasafiri bila mtani kumzuia njiani."

Hapo ilibidi. Mtani ana haki zake kwenye shughuli: hudai begi la msafiri, hulala kizingitini, huomba vitu ambavyo hakuna mwenye akili angeviomba. Walimsukuma Sixbert mpaka katikati ya ua. Alikuwa ameandaa, "Nakutakia safari njema," maneno machache, salama. Alifungua mdomo. Lakini mdomo ule tangu Majivu ulikuwa umefanya mazoezi ya hotuba moja tu, na ndiyo iliyotoka.

"Mzee Urbani," alisema, "naomba niende mimi. Kozi hii ni yangu. Picha zote mnazomsifia huyu ninazinyoosha mimi. Yeye hawezi hata kushika kamera ikanyooka. Asiende. Niende mimi."

Ua ukalipuka kwa vicheko. Mama Beata alishika mbavu. Shangazi alimwaga togwa. Mjomba alipiga magoti yake akisema huyu ndiye mtani, huyu, wengine wote ni waigaji. Dastan mwenyewe alifuta machozi, akachukua begi lake, akamvisha Sixbert shingoni.

"Haya mateka, nenda. Na mama yangu mchukue, anakoroma."

Vicheko vikaongezeka. Sixbert alisimama na begi kifuani. Maishani mwake hakuwahi kuchekesha watu wengi hivyo, na hakuwahi kusema kweli tupu hivyo. Palihitajika sentensi moja tu: sitanii. Aliitafuta. Akatabasamu, akavua begi, akarudi ukutani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Baada ya muda Mzee Urbani alikuja na kiti chake, akakaa karibu naye.

"Ulikuwa unatania?"

Sixbert alitazama viatu vyake. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi kama kulala.

"Hapana, mzee."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilidhani unaona."

"Mwanangu, wewe unakaa gizani na mlango umeufunga kwa ndani. Nitakuonaje?" Mzee alinywa ulanzi. "Huyu Dastan alikuja siku ile ile niliyowaita. Akaniambia, mzee, nataka kwenda, lakini mwenye kazi ni Sixbert, msubiri kwanza. Nikakusubiri mpaka Pasaka. Nikasema basi, labda hataki. Sasa nimeshatoa neno, na neno langu silirudishi."

Heri angemwambia kwamba Dastan alimsengenya. Wivu wake ungekuwa umepata pa kukaa. Lakini kumbe jamaa amemzidi mdomo, amemzidi suruali, na sasa amemzidi hata roho nzuri. Hakuna mtu anayekera kama mpinzani asiyekuwa na ubaya.

Wageni walipoanza kuaga, alimfuata Dastan penye lango. Isidhaniwe kwamba moyo wake ulikuwa umetakata. Alikwenda kwa sababu moja: hakuweza kuvumilia kwamba katika mji mzima wa Songea atakayejua rangi awe huyu peke yake.

"Dastan."

"Mateka."

"Sikuwa ninatania pale."

"Najua. Ulikuwa unatetemeka. Mtani hatetemeki."

"Ukirudi unifundishe. Yote, na mashine."

Dastan alimtazama, safari hii bila kuonyesha meno.

"Nitakufundisha. Lakini si kule nyuma. Utasimama mbele na mimi, penye wateja, na kuanzia kesho wewe ndiye unayewapiga picha. Jumamosi kuna harusi ya Benigna, binti wa shangazi, nimeshawaambia utakwenda wewe."

"Umewaambia lini?"

"Sasa hivi nawaambia. Shangazi, njoo umwone mpiga picha wako."

Shangazi akaja na kina mama wenzake watatu, wote wanamtazama usoni, wanangoja. Sixbert alitafuta ukuta wa kuegemea, akakuta uko mbali.

"Shikamooni," alisema. "Naitwa Sixbert."