Mahali pa Mkia

"Shika mkia chini kabisa, karibu na mfupa," Resian alisema bila kugeuka, na Mutinda hakushika.

Alikuwa amesimama tu kwa geti ya boma, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene kama mkate, ameuficha nyuma kama mtoto ameiba sukari. Jana saa kumi jiwe lilimponda huko machimbo. Vidole viwili haviko tena. Angepiga simu, lakini aliona hiyo ni habari ya kuletwa na miguu.

Na Nanyokie, ng'ombe mwekundu, alikuwa chini.

Kabla ya hiki kiangazi Resian alikuwa na ng'ombe kumi na tisa. Amebaki huyu mmoja, na mbavu zake unazihesabu ukiwa huko barabara ya Kitengela. Wiki tatu sasa hawezi kuamka mwenyewe, kwa hivyo kila asubuhi wanamwamsha watu watatu, kila mtu na mahali pake. Evalyne, mke wa Mutinda, anamnywesha uji ya unga na chumvi, halafu anainua tumbo na gunia. Mutinda, mkata mawe, anavuta mkia juu. Resian anachuchumaa mbele, uso kwa uso, anamwimbia. Na usidhani kuimba ni mchezo. Siku moja Resian alishikwa na homa, sauti ikaisha, na Nanyokie akakataa kuweka nguvu hata kidogo. Alilala hapo mpaka saa nne, sauti iliporudi nusu.

"Yeyo, wewe Mungu alikupa sauti," Mutinda humtania kila siku, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mimi akanipa mgongo ya punda."

"Na mimi sufuria," Evalyne husema, na kazi inaanza na kicheko.

Leo hakuna mtu alicheka. Kila mtu Kajiado anajua ng'ombe dhaifu akishinda chini mpaka jioni, huyo haamki tena. Na Lemayian, mtoto wa Resian, alishasema kutoka Nkoroi: huyo wa mwisho akienda, mama afunge boma, aje akae kwa ploti yake, rumu moja, ghorofa ya tatu. Resian alikuwa amelala huko mara moja. Aliamka akitafuta mahali pa kumwaga maji ya kunawa.

Sasa Resian aligeuka, akaiona ile bandeji. Akampa Mutinda pole. Kisha akakunja shuka yake kiunoni.

"Tubadilishane. Mimi nivute, wewe uimbe."

"Yeyo, mimi sijui Kimaasai ya kuimba."

"Imba ile unajua. Ng'ombe hajaenda shule."

Mutinda akachuchumaa, akaanza wimbo wa kanisa wa Kikamba, sauti imekwaruza kama wilbaro kwa kokoto. Nanyokie alimpa sikio moja, akalirudisha. Huko nyuma Resian alivuta. Mikono yake ilizoea chuchu za ng'ombe na shanga, lakini alivuta mpaka miguu ikachimba vumbi. Evalyne akainua gunia. Matako yakapanda kidogo. Yakapanda tena. Miguu ya nyuma ikanyooka, ikitetemeka, imesimama kabisa, ikabaki tu ya mbele.

Na hapo Resian akasahau. Furaha ilimpanda, wimbo wake ukatoka wenyewe, ule wa kila asubuhi, lakini leo ulitokea nyuma.

Nanyokie aliusikia. Akageuza shingo kuutafuta, mwili ukafuata shingo, na akaanguka kwa ubavu. Gunia likamtoka Evalyne mikononi.

Walijaribu tena mara mbili. Mara ya tatu hata mkia haukukaza.

Jua lilipanda. Simu ya Resian ikalia ndani ya shuka, lazima ni Lemayian, ikanyamaza, ikalia tena. Evalyne alirudi kuwasha moto chini ya uji, ingawa sufuria ilikuwa bado vuguvugu. Resian akazunguka polepole, akakaa chini mahali pake, mbele, goti lake karibu na pua ya ng'ombe.

"Afadhali ningenyamaza," akasema.

Mutinda alienda nyuma, akapiga magoti, akaushika mkia na mkono wa kushoto, chini kabisa, karibu na mfupa. Akangoja wimbo.

Resian akaanza kuimba, pole pole. Inzi alikuwa ametulia kwa sikio la Nanyokie. Sikio likacheza, inzi akaruka, akarudi.