Kibati Mguuni mwa Bibi Harusi

Watu wakiiona picha ya harusi yangu hunipa pole. Sina gauni. Nimevaa kaptura ya sufu na shati lenye damu ya kulungu, na nywele zimesimama utadhani nimepigwa na radi. Mimi hucheka tu. Sijawahi kuwa na raha kama siku ile, na heri niieleze mwenyewe kabla wajukuu hawajaitia chumvi mpaka isilike.

Ilikuwa Februari, mwaka wa sitini na saba. Mimi na baba yangu, Wattie, tulikuwa wawindaji wa nyama katika milima ya Fiordland, kusini kabisa mwa New Zealand. Hatukuwinda kwa starehe. Tuliwapiga kulungu, tukawatundika mitini kando ya mto, na helikopta ikaja kuwabeba hadi Waimoa, ambako nyama ilipimwa na kuingizwa chumba cha baridi. Porini hatukuwa na polisi wala hakimu. Tulikuwa na kibati, kipande cha bati chenye alama ya mwenyewe. Kulungu aliyefungwa kibati mguuni ni wa aliyemfunga, na hata mwizi wa kuku alimpita bila kumgusa. Kulungu aliyeshuka Waimoa bila kibati, mpimaji alimfunga cha kwake, akawa wake, na hakuna aliyebisha.

Mpimaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mchumba wangu, Lindsay, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Nilimpenda mpaka nikawa napiga miluzi peke yangu msituni na kuwafukuza kulungu, na baba akanitukana. Tatizo lilikuwa mama yake, Bi Thelma. Mumewe alisombwa na mto akiwinda, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za watu wa porini. Aliponikubali, alinikubali kwa sharti.

"Jumamosi, saa nane mchana, kanisani," aliniambia. "Saa nane ikilia hujafika, mwanangu anapanda gari na mimi, tunahamia Dunedin kwa mjomba wake. Nimeshachoka kusubiri watu wanaorudi kesho."

Lindsay, ambaye hajawahi kumkatalia mama yake hata kijiko cha uji, akaitikia kwa kichwa. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikaenda porini wiki hiyo hiyo, kwa kuwa kulungu walikuwa wameshuka bondeni na baba alikuwa peke yake.

Ijumaa mvua ikamwagika na mto ukafura. Baba akateleza kwenye jiwe, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Jumamosi mchana helikopta ikapenya mawingu, na Murdo, rubani, akachungulia nje bila hata kuzima injini.

"Nina kiti kimoja," akapiga kelele. "Na wingu linafunga. Nikitoka hapa sirudi leo."

"Apande Averil," baba akasema. "Anaolewa."

"Na huo mguu, mzee? Utalala nao hapa uoze? Panda wewe."

"Mimi siachi nyama yangu."

"Nyama nitaining'iniza chini kama kawaida. Sasa huyu binti ndiyo sijui nimweke wapi."

Nikatazama kulungu wetu wamefungwa kwenye mnyororo, kichwa chini, wametulia kama abiria wenye tiketi. Nikatazama ndoano.

"Niweke na wao," nikasema.

"Averil, una wazimu."

"Ninao, ndiyo. Nifunge."

Baba akanifunga yeye mwenyewe, mkanda juu ya mkanda, huku akichechemea na kuniapiza. Akanivisha ngozi mbichi ya kulungu jike, manyoya ndani, nisigande na baridi. "Ukidondoka," akasema, "usithubutu kunilaumu."

Akapanda kitini, na Murdo akapaa. Jamani, nilipiga ukelele ambao nadhani bado unazunguka kwenye lile bonde. Woga ulidumu mpaka juu ya miti, kisha ukaniponyoka kama kofia. Mto uliokuwa umenizuia ulikuwa uzi wa maziwa chini ya buti zangu. Nilicheka mpaka machozi yakagandia mashavuni. Niliwaambia kulungu habari zote za Lindsay, masikio na yote, na hakuna hata mmoja aliyenikatiza.

Sasa, Waimoa sehemu pekee tambarare isiyo na nyaya ilikuwa uwanja wa raga, na uwanja wa raga uko ubavuni mwa kanisa. Nilisimuliwa baadaye: helikopta iliposikika, wanaume wote wakainuka kwenye viti. Nyama haingoji, na nzi wa Februari hawajui ibada. Mchungaji akakunja mikono ya kanzu akatoka nao. Lindsay naye, kwa mazoea ya kazi, akatoka na vibati vyake mfukoni. Kanisani wakabaki wanawake, keki ya pavlova, na Bi Thelma akiitazama saa.

Murdo alinishusha taratibu juu ya rundo. Kichwa kilikuwa kinazunguka, miguu haina habari nami. Nilianguka kifudifudi, ngozi ikanifunika gubigubi. Nikasikia mtu anakuja, anakagua vibati mguu kwa mguu, na huku analia.

"Averil," alikuwa akisema peke yake, "Averil, umenifanyia nini?"

Nilitaka kuitika, lakini cheko lilikuwa limenikaba koo. Akashika mguu wangu, hakukuta kibati, akazungushia waya wa cha kwake, akakaza. Kisha akapapasa tena. Kulungu huyu alikuwa na buti.

Nikafunua ngozi. "Umenikaza sana," nikamwambia.

Lindsay akakaa chini matopeni na suti yake mpya, akanikumbatia, akalia na kucheka kwa pamoja mpaka masikio yakawa mekundu. Wanaume wakavua kofia. Hapo hapo kengele ikalia saa nane, na Bi Thelma akawa anakuja uwanjani, mkoba kwapani, viatu vyake vyeupe vikizama.

"Saa nane," akasema. "Na kanisani sikumwona mtu."

"Mama," Lindsay akaanza.

Bi Thelma alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama mguu wangu.

"Nani kamfunga huyo?"

"Mimi, mama."

"Alikuja bila kibati?"

"Bila kibati."

Akashusha pumzi ndefu. "Baba yako asingegusa kulungu aliyefungwa na mwenzake hata awe anakufa njaa," akasema. "Mimi ni nani nimwaibishe leo?" Akavua kofia yake ya maua, akainama, akaniwekea kichwani juu ya ule msitu wa nywele. "Hukungoja kesho, mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hukungoja kesho."

Tulifungia ndoa pale pale kwenye majani, kati ya nyama na kanisa, baba amekaa juu ya sanduku. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Bi Thelma aliichukua bunduki ya baba, akageuka, akawatazama watu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekohoa.