Madekio wa Wifi

Wifi yangu aliwahi kuniambia kwamba rangi ya kuku ni kazi ya watu wasio na kazi, maana manyoya yote huishia jalalani. Aliyasema hayo sebuleni kwangu, kwenye kochi langu, akinywa chai yangu, na mimi maneno ya mtu huwa siyaangushi njiani. Kwa hiyo siku aliyoingia kwenye mkutano wa chama na tenga la vifaranga wa rangi ya majivu, wote sawa kama waliokatwa kwenye jora moja, maneno yake yale niliyatoa yote upya, moja baada ya jingine.

Chama chetu cha wafugaji kilikuwa kinachagua banda moja la kutoa mayai ya mbegu kwa msimu mzima. Wateja walikuwa wanataka kuku wa majivu: kijivu kilichokolea, kila unyoya na ukingo mweusi. Mayai yangeingia kwenye mashine ya kutotolea ya chama. Mashine hiyo, kwa waliosahau, niliipigia kelele mimi hadi ikapatikana. Waliokaa nyumbani wakisema haiwezekani nawajua, na siku ya kuizindua walikaa viti vya mbele.

Majivu nao nilianza nao mimi. Nilimweka jogoo wa majivu na mitetea wa majivu, msimu baada ya msimu, nikingoja damu itakate. Haikutakata. Kila nikiangua, nusu ni majivu, waliobaki wengine weusi tititi, wengine weupe wa uchafu wenye matone ya kijivu na meusi, kama kitambaa cha kupangusia sakafu. Hao niliwaita madekio. Wengi niliwachinja mapema wasinichafulie banda, na wachache nikampelekea wifi, mke wa mdogo wangu.

"Hawa ni wa kitoweo," nilimwambia.

"Ahsante wifi, Mungu akuzidishie," akasema. Amenizidishia kweli.

Mkutano ulikuwa kwenye karakana ya fundi cherehani, ambaye ndiye mwenyekiti wetu. Alinyanyua kifaranga mmoja, akampekua ubawa kama anayekagua mshono.

"Mama, wote ndivyo walivyo?"

"Wote. Na waliowatangulia hawa pia."

"Mweusi hata mmoja?"

"Sijamwona."

"Mweupe?"

"Mwenyekiti, ningekuwa naye ningemficha wapi?"

Watu wakacheka. Nikasimama.

"Muulizeni baba yao ni nani."

"Haya, tumefika mahakamani," mtu mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika.

"Nilipokwenda msibani, jogoo wangu nilimwacha kwa huyu mdogo wangu. Niliporudi nilimkuta amechoka. Sasa leo naona sababu ya uchovu wake."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mdogo wangu akajifuta uso. "Dada, alichoka kwa kuwika. Alikaa jikoni, chini ya tenga, mlango umefungwa. Hakuona hata unyoya wa jike. Na mimi sikulala."

"Wifi," mkewe akasema, taratibu tu, "baba yao ni yule mweusi wangu, yule anayekukimbiza ukija. Mama zao ni wale ulionipa."

"Nilikupa wa kula."

"Nikasema nitachinja kesho, nitachinja kesho. Mara wakaanza kutaga. Sasa kuku anataga, unamchinjaje?"

Nilielewa nikiwa bado nimesimama, kidole kimenyooka. Dekio kwa mweusi. Weusi nilikuwa nao, madekio nilikuwa nao, wote kwenye ua wangu mmoja, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawatenganisha kwa kisu. Kilichohitajika kupata majivu watupu kilikuwa ni hao hao niliokuwa nawatupa. Ungekuwa ujuzi ningemeza. Ulikuwa uvivu. Mwanamke ameshindwa kunoa kisu, leo anapewa mashine.

Mwenyekiti akaomba mikono. Ikapanda yote, hata ya wale niliowaingiza chamani kwa kuwafuata mlango kwa mlango. Wangu ulibaki mapajani.

Wifi akashukuru. "Mbegu hii ni ya wifi yangu. Mimi nimelea tu." Wakanigeukia, wakanipigia makofi. Heri angenitukana, tusi ningelijua pa kuliweka.

Kesho yake jioni akabisha hodi. Nikamfungulia, ila sikumpisha.

"Wifi, wamenituma. Tunahitaji madekio zaidi, mayai hayatoshi. Unao wengine?"

"Nimeshachinja."

"Wote?"

"Jana ile ile. Tumekula, tumemaliza."

Uani, nyuma yangu, kuku akaanza kelele za aliyetoka kutaga. Mwenzake akamjibu. Wifi akachungulia juu ya bega langu, na mimi sikuhitaji kugeuka kujua anachokiona: kichwa cheupe chenye matone, kimechomoza kwenye waya wa banda.

"Mchuzi wako una sauti nzuri, wifi," akasema.

"Umeiva vizuri."

Hakucheka. Aliniangalia kidogo, akarekebisha khanga yake mabegani. "Basi. Nitawaambia hukuwa nao." Akaondoka, na upole wake huo ukabaki mlangoni pangu kama mgeni asiyetaka kuaga.

Nilikwenda bandani. Nikamtoa jogoo wa majivu, niliyemlea kwa mkono na kumtetea mbele ya watu, nikamfungia peke yake. Nikamkamata jogoo kijana mmoja mweusi, mkubwa wa kutosha, nikamtia kwa madekio. Wakamkimbia, kisha wakatulia, na mmoja akainama.

Msimu huu ni wake, chama kimesema. Chama kitakaa tena kuchagua, na nitafika na tenga langu kabla karakana haijafagiliwa. Akirudi kuomba dekio kabla ya siku hiyo, nimeshachinja.