Neno la Ishirini na Nne

...na neno la kumi na tisa limekubali, haya, bado matano, hiki kifaa ni kidogo kama flash lakini ndicho kinafungua mshahara wangu wa miaka miwili, tafsiri zote za Kisomali nilizolipwa kwa bitcoin, karo ya uuguzi, na chuo kinafunga usajili Ijumaa, "Faduma, usikimbie," anasema fundi Kaimenyi, kompyuta ni yake, ya Linux, yangu ya Windows ndiyo ilianza balaa, betri imekufa, stima ikapotea katikati ya kukisasisha kifaa, kikabaki kitupu kama kilivyotoka dukani, hakirudishi pesa bila maneno yake ishirini na manne ya siri, Mac ya binamu yangu Siyad nayo imezeeka, ikakataa programu, na hapa Linux ikajifanya haioni kitu, nachomeka, nachomoa, haioni, mpaka Kaimenyi akaandika mistari miwili ya ruhusa, chomeka tena, ikaona! la ishirini, ndiyo, la ishirini na moja... na karatasi ya hayo maneno, moja tu duniani, ayeeyo aliinywa, bibi yangu mwenyewe, aliinywa! niliandika kwa wino mwekundu nikaikunja ndani ya msahafu, yeye Kizungu hasomi, akadhani ni wino wa zafarani, kwamba sheikh amemletea kombe la mgongo, aya za kuoshwa na kunywewa kama dawa, akaiosha kwenye kikombe, bismillahi, akamaliza yote, "Mgongo umepoa," ananiambia, na mimi niko sakafuni nalia, nikampigia kelele, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele, akangoja nimalize, akauliza, "Mababu zako umewaandika wapi?" hakuna mahali, ayeeyo, ulinifundisha kwa fimbo, fulani bin fulani mpaka wa ishirini, ukiruka mmoja unaanza upya, na hapo nikafuta machozi, kwa sababu siku ile naandika nilikuwa nayasoma hivyo hivyo kwa Kiswahili, mazoea tu, Chura bin Daraja, Daraja bin Kitunguu, ukoo wa kuchekesha, lakini wote wako, kila mmoja na neno lake la Kizungu, hakuna aliyepotea njiani... la ishirini na tatu, Kaimenyi amesimama nyuma ya kiti, hata hapumui, "Likikosea moja kinakataa yote," najua, bwana, najua, wacha nimalize, la mwisho, herufi nne tu, nabonyeza... kinafikiria... kinafikiria...

kimekubali! Alhamdulillah, kimekubali, yote ishirini na manne, Kaimenyi anapiga meza mpaka chai inamwagika, mimi huyu, mimi nimefanya hivi! programu bado inazunguka inatafuta pesa, izunguke, izunguke mpaka adhuhuri, sina haraka tena, "Sasa andika upya," ananisukumia karatasi na kalamu ya bluu, nitaandika, sawa, lakini nyumbani kuna bibi wa miaka themanini niliyemwinulia sauti, na yeye tu ndiye hakuogopa kwamba maneno yamepotea, nitamwomba msamaha kwanza, kabla ya chuo, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba nimeshinda.