Mita Tano za Nettie

Nilijifunza kuogelea katika bwawa la manispaa, nyuma ya soko la mji wetu wa Haddenshaw, kabla halmashauri haijalifunga. Kwa hiyo mkuu wetu wa shule, Bwana Thornley, aliponiambia kwamba watoto kumi na wawili wa shule ya msingi ya serikali wangekuja kuogelea katika bwawa la shule yetu kila Jumatano baada ya masomo, nilifurahi kana kwamba nimealikwa mimi.

Shule ninayofundisha kuogelea ni ya watoto wa wenye nacho. Hata hivyo imeandikishwa kama shirika la hisani, na kila mwaka inatakiwa kuonyesha kwamba inawafaa majirani.

Nettie Clegg alikuwa na miaka kumi na moja. Siku ya kwanza aling'ang'ania ukingo wa bwawa mpaka vidole vikawa vyeupe. Wiki ya tano alifika mita ishirini. Mtaala wa taifa unataka watoto wamudu mita ishirini na tano kabla hawajamaliza shule ya msingi, na yeye alikuwa anamaliza Julai.

Jumatano ya sita alikuja mpiga picha wa ripoti ya mwaka ya shule. Watoto wetu na wao walichanganywa ukingoni, wakaambiwa wacheke, wakacheka. Alipoondoka, Bwana Thornley alinivuta pembeni na kunieleza kwa upole kwamba mpango ule umekamilika. Saa ile sasa ilihitajika kwa timu yetu ya mpira wa majini. Barua ingekwenda shuleni kwao. Nilitaka kumtajia zile mita tano, lakini nilikuwa bado katika mwaka wa majaribio kazini. Nikamshukuru.

Niliporudi, mvulana mmoja alikuwa anamwambia Nettie kwamba anaogelea kama mbwa anayemkimbia paka.

"Mbwa anafika lakini," Nettie akamjibu huku akipenga maji puani. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, zimebaki tano tu. Jumatano ijayo namaliza, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Jumatano iliyofuata basi lao halikuja. Timu yetu ilitumia nusu ya bwawa, na Bwana Thornley alikuwa ameketi kwenye benchi akiitazama. Simu ya ukutani ikalia. Alikuwa Bwana Oldroyd, mzee wa getini.

"Mwalimu, kuna binti hapa, amekuja kwa miguu. Anasema barua imekosea, kwamba wewe mwenyewe umemwahidi. Nimpitishe?"

Nilimtazama Bwana Thornley. Alinitabasamia, kama kawaida yake.

"Mwambie nimeshaondoka," nikanong'ona.

Mzee akashusha sauti.

"Anakuona dirishani, mwanangu. Anakupungia."

Niligeuka. Dirisha la bwawa letu ni kubwa, linatazama geti moja kwa moja. Nettie alikuwa amesimama kwenye manyunyu, taulo lililokunjwa likiwa kwapani, mkono mmoja juu. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika simu, na sikuuinua ule mwingine. Akaushusha wake taratibu, akaliweka taulo vizuri, akaondoka akifuata ukuta.

Njia ya kuogelea iliyo karibu na dirisha haikuingiwa na mtu saa nzima ile. Najua, kwa sababu nilisimama kando yake mpaka kipenga cha mwisho.